Koti Lililobaki Hallonbergen

Wilkister hajawahi kukanyaga Minnesota, na sasa hatakanyaga. Hata hivyo, ukimkuta siku moyo wake umetulia, atakueleza jimbo lile la Marekani kama mtu anayekuelekeza njia ya kwenda kwao. Atakuambia kwamba limepakana na Kanada upande wa kaskazini, kwamba kwenye vibao vya magari yao wamejiandikia maziwa elfu kumi ingawa ukiyahesabu yanazidi, na kwamba Mississippi, mto ule wenye makuu, unaanzia huko katika kijiziwa kiitwacho Itasca, mahali ambapo mtu huuvuka kwa kukanyaga mawe, viatu mkononi. Atakuambia jina lenyewe la jimbo wamelitoa kwa Wadakota, wenyeji wa asili wa huko, na maana yake ni maji yenye rangi ya mbingu. Kisha atanyamaza ghafla, na wewe ukiwa na busara utabadilisha mazungumzo.

Yote hayo alifundishwa na mdogo wake, Oduor, kwa simu, Jumamosi baada ya Jumamosi.

Wilkister mwenyewe si mtu wa kujulikana. Alitoka Nyakach, ukingoni mwa Ziwa Victoria nchini Kenya, akiwa mke kijana kumfuata mumewe aliyekuwa akisoma Stockholm. Masomo yakaisha, na ndoa nayo haikukawia kuisha. Mume akashika njia yake, Wilkister akabaki na mtoto wa kike, Daisy, na nyumba ya vyumba viwili ghorofa ya sita pale Hallonbergen. Kazi yake ni kuwahudumia wazee majumbani: kuwaogesha, kuwavisha soksi zile ngumu zinazobana miguu, kuwapashia chakula, kuwasikiliza. Ni kazi ya kuvunja mgongo, lakini anaipenda, na wazee wanampenda kwa sababu hana haraka ya kutoka mlangoni.

Oduor alimfuata Stockholm naye kwa masomo. Alilala kwenye kochi la sebuleni kwa miaka miwili, miguu ikining'inia nje, maana alikuwa mrefu kupita kiasi. Majira ya baridi ya kwanza dada yake alimpeleka Hagsätra, mwisho kabisa wa reli, kwenye duka la mitumba la kanisa, wakamnunulia koti. Lilikuwa la sufu, rangi ya buluu iliyoiva, lenye vifungo vikubwa vya mbao, zito kama blanketi lililoloa. Lilimkaa kana kwamba fundi alimpima.

Ugomvi wao ulikuwa mmoja tu, wa kifungo cha juu. Oduor hakukifunga hata siku moja. Januari ile ya kukausha machozi machoni, yeye alitembea koo wazi. Wilkister alikuwa akimfuata hadi mlangoni na kumfunga kwa mikono yake kama mtoto wa chekechea.

"Wewe utakufa na baridi, nimwambie nini Mama?"

"Kinanikaba, Wil."

Na kabla lifti haijafika chini, kifungo kilikuwa kimeshafunguliwa. Daisy, wakati huo mtoto mdogo wa shule ambaye mara nyingi alishuka na mjomba wake, ndiye aliyekuwa akichongea. Mjomba alimhonga peremende anyamaze, naye alikula peremende na bado akasema.

Sasa, Minnesota iliingiaje nyumbani kwa watu wa Nyakach? Iliingia kwa mdomo wa mzee mmoja, Gunvor, mama wa Kiswidi ambaye Wilkister alikuwa akimhudumia huko Rissne, mtaa wa jirani. Waswidi huitana kwa majina matupu, mjukuu na bibi, mfanyakazi na mkubwa wake. Ulimi wa Wilkister uligoma miaka yote, akamwita Mama Gunvor, na mzee akazoea. Kwao Gunvor ni Småland, kusini mwa Uswidi, kwenye mawe mengi kuliko udongo. Alimsimulia Wilkister jinsi zamani njaa ilivyowapiga hadi watu wakachanganya magome ya miti katika unga wa mkate, na jinsi walivyofungasha, kaya kwa kaya, wakavuka bahari kwenda Minnesota. Kaka wa babu yake alikwenda akiwa kijana. Walipata habari zake kidogo, kisha wakakosa kabisa.

"Huko ni kama hapa," Gunvor alisema. "Misonobari, theluji, maziwa. Hata majina ya watu ni yetu."

Wilkister aliyashika maneno hayo kama dawa. Kibali cha Oduor cha kukaa Uswidi kilikuwa kimefika mwisho na hakikuongezwa. Alikuwapo binamu yao Minneapolis aliyekuwa tayari kumpokea. Oduor alisitasita, alitaka kurudi nyumbani. Dada ndiye aliyemsukuma. Akamwambia hatakuwa mgeni huko, kwamba baridi ameshaizoea, kwamba ni kama anahamia mtaa wa pili tu. Ndivyo alivyoamini kwa dhati. Mtu aliyezaliwa ukingoni mwa ziwa akazoea theluji angekosaje kupatana na nchi ya maziwa na theluji?

Aliondoka mwezi wa sita, jua likiwaka. Begi lilikuwa limejaa, na koti lisingeingia hata kwa kulikalia. Akalitundika kabatini.

"Nitunzie. Nitakuja kulichukua."

Maneno ya kuagana, basi. Kila mtu huyasema.

Baada ya hapo zikaanza simu za Jumamosi. Oduor aliikuta Minnesota, akaipenda kwa namna yake ya kupenda vitu, yaani kwa kuvichunguza. Huyu ndiye mtu ambaye Stockholm alikuwa akiachia treni zipite kituoni Rissne kwa sababu ukutani wameandika historia ya dunia na yeye hajamaliza kusoma. Alimweleza dada yake kuhusu Waojibwe, wenyeji wengine wa asili, wanaovuna mpunga wa mwitu ziwani, mmoja akisukuma mtumbwi, mwenziwe akiinamisha mabua na kuyapiga taratibu kwa vijiti viwili hadi punje zinamiminika ndani. Alimweleza kuhusu migodi ya chuma iliyokula vilima vizima. Alimchekesha kuhusu makanisa ya wajukuu wa Waswidi na Wanorwe, wanaokusanyika Desemba kula samaki mkavu aliyelowekwa kwenye magadi hadi akawa utelezi. "Waswidi wako wenyewe wanamkimbia samaki huyo," alisema. "Hawa wanamla kwa machozi ya kumbukumbu."

Alimweleza pia jinsi wenyeji wanavyoagana. Mgeni huaga mezani, halafu akaaga tena mlangoni, halafu akasimama kwenye gari na kuaga upya, wenyeji wakimsindikiza katika theluji. "Ni Wajaluo kabisa hawa," alisema. "Hakuna anayeondoka kwa kuondoka."

Siku moja tu alipiga akiwa mzito wa sauti. Alikuwa ametoka Mankato, mji ambako Wadakota thelathini na wanane walinyongwa kwa mkupuo mmoja mwaka 1862, siku iliyofuata Krismasi, baada ya vita vilivyotokana na ardhi na njaa. Walizikwa kwenye mchanga wa mto, na usiku huohuo madaktari wakaja kuwafukua wakachukua miili. "Wil, watu hawa hata kaburi walinyimwa," alisema. Wilkister alikuwa anakaanga samaki, akamjibu kwa guno. Guno lile limemrudia mara nyingi.

Mwisho alihamia Duluth, kazi ya kuuguza wazee kama dada yake. Duluth iko ukingoni mwa Ziwa Superior. Huko kuna daraja linalonyanyuka lote juu kuipisha meli inayobeba chuma ghafi. Meli hupiga honi, na daraja huijibu. Oduor alimshikia dada yake simu dirishani asikie. Alianza kuvua. Alisema ziwa lile ni Nam Lolwe, ziwa la kwao, lililotiwa kwenye friji, na akacheka.

Mwezi wa kumi, miaka miwili iliyopita, alitoka na mashua ndogo ya kukodi siku ya mapumziko yake. Upepo ukabadilika. Mashua waliipata kwenye miamba, imepinduka. Walinzi wa pwani walimtafuta kwa meli na kwa helikopta, kisha wakaacha. Ofisa mmoja alimpigia Wilkister simu, akaongea kwa upole, akamweleza kwamba maji ya chini ya ziwa lile ni baridi mno. Mwili haubadiliki wala hauvimbi, kwa hiyo haupandi.

Jambo hili lilimshinda baba yao mdogo, Onyango, kulielewa. Amekulia ziwani, amezika wavuvi wengi. Ziwa la kwao huchukua mtu, na baada ya siku chache humrudisha, ufukweni Koguta au ng'ambo, lakini humrudisha.

"Ziwa gani lisilorudisha mtu?" alimuuliza Wilkister kwenye simu, kwa hasira kabisa, kana kwamba ni Wilkister anayelimiliki.

Kwa sababu hiyo walingoja. Ukoo mzima ulikaa mwaka mzima ukilingoja Ziwa Superior lifanye heshima. Halikufanya. Ndipo Onyango akapiga tena akasema ni wakati wa yago.

Yago ni tunda la mwegea, ule mti unaoning'iniza matunda marefu mazito yanayoweza kumtoa mtu roho yakimwangukia. Mjaluo akipotea na mwili usipatikane, hukatwa tunda hilo, likavishwa nguo zake, likalazwa ndani ya jeneza, likaliliwa na kuzikwa kama yeye. Likishazikwa, aliyepotea amefika nyumbani. Mama atakuwa na mahali pa kukaa jioni. Jina lake laweza kupewa mtoto. Kabla ya hapo, Onyango alisema, Oduor hayuko kwa wafu wala hayuko kwa walio hai. Yuko njiani tu, amesimama.

Lakini nguo zilikuwa wapi? Za utotoni zilishachakaa kwa binamu. Za Duluth mwenye nyumba alizigawa kabla binamu wa Minneapolis hajafika. Nguo pekee ya Oduor iliyosalia duniani ilikuwa koti la buluu lililotundikwa kabatini Hallonbergen.

"Sitazika tunda," Wilkister alisema.

Alitia ngumu. Alimwambia baba yake mdogo kwamba yeye ameokoka, kwamba mambo hayo ni ya kale. Uongo mtupu, na niseme wazi, maana nampenda lakini sitamtetea kwa hili. Wokovu haukuwamo. Tangu ile simu ya ofisa, Wilkister alikuwa na desturi ya kufungua kabati kila arudipo kazini, akaingiza uso kwenye koti lile na kuvuta pumzi. Mwanzoni lilikuwa na harufu ya Oduor. Baadaye lilikuwa na harufu ya sufu tu, lakini pua yake ilikwisha kuzoea kudanganywa. Na Oduor alisema atakuja kulichukua. Akilitoa, mtu huyo akija atavaa nini?

Daisy alimuunga mkono mama yake kwa sababu zake. Alikuwa amefika miaka kumi na tisa, mwanafunzi, mtoto wa Stockholm anayejibu kwa Kiswidi hata akiulizwa kwa lugha gani. "Mamma, det är ju en frukt," alisema, yaani hilo ni tunda tu, basi. Wilkister hakufurahi kuungwa mkono hivyo. Alikwenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Kanisani Rissne, ambako Wakenya, Wakongo, Watanzania na Warundi wanakutana katika Kiswahili, kila Jumapili walimwombea Oduor popote alipo. Wakati mmoja baada ya ibada, shoga yake Leokadia, mwanamke wa Bukoba asiyejua kupaka maneno sukari, alimvuta pembeni, vikombe vya kahawa mkononi.

"Mwenzangu, tunamwombea nini hasa? Arudi, au apumzike? Mungu naye anahitaji kuambiwa."

Wilkister alikasirika, akakaa wiki tatu bila kumpigia.

Hata Gunvor alijaribu. Alimwonyesha picha ya jiwe la kaburi la ukoo wao kule Småland. Chini ya majina ya waliolala pale liliandikwa jina la yule kaka wa babu, na mbele yake neno moja: Minnesota. Hapakuwa na mtu chini yake. "Bibi yangu alimwashia taa kila Sikukuu ya Watakatifu," Gunvor alisema. "Mimi nikiwa mdogo niliamini yumo." Wilkister alimvisha soksi, akamuaga, akapitia ziwa dogo la Lötsjön akiwa ameuma meno. Bata walikuwa wamejibana kwenye tundu la maji lililobaki katikati ya barafu. Hakuweza kuangalia barafu siku hizo bila kufikiria kilicho chini yake.

Aliyemshinda nguvu ni mama yake. Mama alikuwa amezeeka, na moyo wake, daktari wa Kisumu alisema, ulikuwa unafanya kazi kwa huruma tu. Kwa miaka hiyo miwili hakusema lolote kuhusu yago. Aliwaachia wanaume waongee. Mwezi wa pili mwaka huu alimwomba jirani ampigie Wilkister, akaongea kwa Kijaluo, taratibu, bila kulia.

"Nimesikia una koti lake."

"Ndiyo, Mama."

"Unalishika?"

Wilkister alifungua kabati.

"Mimi nikifungua nyumba hii hakuna kitu chake, mwanangu. Hata shati. Wewe umelia na koti miaka miwili. Mimi nalia na nini?"

Wilkister alikaa sakafuni pale kabatini. Katika huzuni yake yote hakuwahi kufikiria kwamba alikuwa na mali ambayo mama yake hana. Aliona aibu, aibu ya kweli inayochoma masikio, akiwa peke yake na hakuna anayemwona.

Alitaka kulipeleka mwenyewe. Lakini mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba kwa wiki kadhaa akiusingizia kazi, na daktari alipoupima alikuta damu imeganda ndani. Akapewa vidonge na kukatazwa ndege kabisa. Kungoja hakukuwezekana; Mama hakuwa mtu wa kungojewa. Wilkister alikuwa amekaa mezani, koti mapajani, hajui la kufanya, Daisy aliposimama mlangoni.

"Jag åker," alisema. Nitakwenda mimi.

Hakuongeza neno juu ya tunda. Alilichukua koti kwa mama yake, naye hakulikunja begini. Alilivaa. Alipita nalo uwanja wa ndege wa Arlanda, akabadilisha ndege Addis Ababa nalo, akashuka Kisumu nalo katika joto linaloyeyusha lami, jasho likimtiririka hadi viatuni. Onyango alipomwona akitokea mlangoni ndani ya koti lile alivua kofia yake.

Siku ya mazishi Wilkister alikaa mezani kwake Hallonbergen, mguu juu ya kiti, simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji. Leokadia alikuwa pembeni yake. Alikuja bila kualikwa, na hakuna aliyekumbuka kununiana. Nje theluji nyembamba ya mwisho wa msimu ilikuwa inaanguka na kuyeyuka. Ndani ya simu jua la Nyakach lilikuwa kali kiasi cha kufanya picha iwe nyeupe. Daisy alikuwa ameshika simu, akitembea katikati ya watu. Vilio vilisikika, wimbo wa kanisa, na ng'ombe wa mtu.

Kisha Daisy akalisogelea jeneza, na simu ikatulia.

Wilkister alikuwa amejiandaa kuona tunda. Alijua lingekuwa la kijivu, gumu, refu. Lakini walilivalisha vizuri watu wa kwao. Mikono ya koti ilikunjwa kifuani, kola ikasimama, na vifungo vyote vya mbao vilifungwa kimoja kimoja hadi kooni, kama inavyompasa mtu anayekwenda kusimama mbele ya wakubwa. Alimwona mdogo wake amelala, mrefu vilevile, amefungwa.

"Daisy," alisema. Akaisogelea simu. "Daisy. Kifungo cha juu."

"Va? Nini?"

"Mfungulieni kifungo cha juu. Kinamkaba."

Picha haikusogea. Leokadia aliweka kiganja chake mgongoni mwa Wilkister, akakiacha pale. Kisha ikasikika sauti ya Daisy, Kiswahili chake kile cha kutafuta maneno, akimwambia bibi yake kwamba Mama anasema hicho cha juu, Mjomba alikuwa hapendi, alikuwa anakifungua kwenye lifti.

Mkono wa mama yao ukaingia kwenye picha, mwembamba, mishipa imesimama. Vidole vilihangaika na mbao ile kubwa. Hakuna aliyemsaidia. Kilipofunguka, aliilaza kola kulia na kushoto, akaipapasa sufu, akabaki ameinama.

"Shati la shule alikuwa akilifanya hivihivi," alisema Mama. "Nilimchapa, hakuacha. Kumbe hata huko hakuacha."

Akacheka kidogo, na kicheko kikageuka kilio. Onyango akamshika bega akamwondoa taratibu, wakafunika.